Kilo 32

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa sanduku tupu.

Nilikuwa nimevaa suruali ya buluu iliyoshonewa mwanaume, shati jeupe na koti fupi lenye vifungo vya shaba. Mzee aliyepewa kazi ya kunifundisha, ambaye hoteli nzima ilimwita Kapteni, aliniletea sanduku jeusi refu kama mtoto wa darasa la pili, akasema, "Libebe mpaka kwenye lifti, kisha urudi nalo." Nilijua ninajaribiwa. Nikakaza tumbo, nikashika mpini kwa mikono miwili, nikalinyanyua kwa nguvu zote nilizokuwa nazo. Sanduku likaruka mpaka kidevuni. Nilirudi nyuma hatua tatu, nikaketi juu ya maua ya hoteli. Soja wa mlangoni alicheka mpaka akashika ukuta.

"Umeona, mwanangu?" Kapteni aliniambia. Yeye hakuwa anacheka. "Hukuliuliza."

Kuuliza mzigo ndio ujuzi wa kwanza wa pota, na nilikuwa nimemaliza diploma ya mambo ya hoteli bila mtu kuniambia. Kabla ya kunyanyua, unainua pembe moja tu, kidogo, kama mtu anayechungulia chini ya mkeka. Hapo mzigo unakuambia mambo yake: uzito wangu uko upande huu, mpini wangu umelegea, ndani nina chupa. Ukishasikia, unakunja magoti, si mgongo. Unauleta mzigo karibu na mwili, kwa sababu mzigo ulio mbali nawe unakuwa mzito zaidi. Na ukitaka kugeuka, unageuza miguu, si kiuno.

"Mgongo hauna spea," Kapteni alisema. Alikuwa mtu wa Kilifi, amefanya kazi hiyo miaka 26, na alitembea wima kama mlingoti. Nilimwamini.

Nilimaliza masomo mwaka wa 2021, wakati hoteli nyingi za Nairobi zilikuwa bado zinahesabu hasara ya korona. Nilituma maombi kila mahali. Kazi iliyopatikana ilikuwa moja tu: pota. Meneja aliyenihoji aliitazama mikono yangu kuliko alivyozitazama karatasi zangu. "Utaweza?" akaniuliza. Nikasema nitaweza. Nilisema haraka, jinsi mtu hujibu akiulizwa kama ameshiba.

Nyumbani sikusema pota. Nilimwambia mathe, "Nimepata job, niko idara ya mapokezi." Na kwa karatasi huo haukuwa uongo. Katika hoteli yoyote ile mapota wako chini ya idara ya mapokezi. Lakini mathe alisikia kompyuta, kiti cha kuzunguka na kucha zilizopakwa rangi, nami sikumtoa huko. Nilimsikia kwa simu akimwambia jirani, "Shiru sasa ni wa ofisi."

Kuna sababu iliyonifanya nimwachie hiyo picha.

Shosho yangu, mama yake mathe, ana bonde kichwani. Liko juu ya paji la uso, mahali nywele zinapoanzia, limekatiza kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ni la mukwa, ule ukanda wa ngozi ambao wanawake wa kwetu Murang'a walifungia kuni au mtungi wa maji mgongoni, ukapita juu ya kichwa, shingo ikavuta. Ukitembea na mukwa miaka arobaini kwenye milima ya Kangema, mfupa wenyewe unakubali. Tukiwa watoto tulikuwa tunapitisha kidole kwenye hilo bonde, tukishindana nani kidole chake kitatoshea. Shosho alituacha tucheze. Mathe alitufukuza.

Mathe naye alivaa mukwa mpaka kidato cha pili, kisha akaapa. Leo anauza nguo za watoto Gikomba, na belo yake ni kilo 45, lakini hajawahi kuigusa. Hata akiwa na vifurushi viwili vidogo anaita mtu wa mkokoteni. "Shingo yangu imestaafu," husema. Alinisomesha kwa hizo nguo, shati moja baada ya lingine, ili shingo yangu isiajiriwe kabisa.

Sasa niambie, ungeanzia wapi kumwambia?

*

Watu hufikiri kazi ya pota ni nguvu. Nguvu unazipata kwa wiki tatu. Baada ya hapo viungo huacha kulalamika, na unagundua kuwa kazi yenyewe bado hujaianza.

Kuna kuhesabu. Gari likisimama, kabla hujashika chochote unahesabu na mwenyewe akisikia: "Vitu vitano, sivyo?" Anaitika. Ukifika mapokezi unahesabu tena. Ukifika chumbani unahesabu mara ya tatu. Mgeni aliyetoka kwenye ndege kwa saa kumi na tano hajui hata jina lake. Atakuambia vitano huku mkoba wa kompyuta umebaki kwenye kiti cha teksi. Wewe ndiye kichwa chake kwa hizo dakika kumi.

Kuna kupanga toroli. Zito chini, laini juu, kilichosimama kiwe ubavuni, kompyuta isilaliwe na kitu. Mkoba wa mkononi wa mwanamke huugusi mpaka akupe. Begi la mtoto lenye sura ya simba unamwachia mtoto, kwa sababu hilo si mzigo, hilo ni rafiki.

Kuna kusoma. Unasoma jina kwenye lebo ya ndege kabla mgeni hajafika kwenye kaunta, unamnong'onezea dada wa mapokezi, naye anamkaribisha kwa jina lake. Mgeni anafurahi, anadhani hoteli nzima ilikuwa inamngoja.

Na kuna hili la kuwa mwanamke, ambalo Kapteni mwenyewe hakuwa na somo lake, tulilitunga pamoja. Wageni wa kiume walikuwa wananinyang'anya mizigo yao. Wenyeji na wazungu, wote. "Hapana, hapana, siwezi kukubebesha." Halafu ananiacha nikitembea kando yake mikono mitupu kama mtoto anayesindikizwa shule, na yeye anavuta sanduku lake akihema. Kumbuka huyo anayehema ana mke, mama, dada. Sidhani alipoona maji ndani ya nyumba alijiuliza yalifikaje.

Kapteni alinitazama wiki moja, akasema, "Usiombe mpini. Mwanamume hampi mwanamke mpini. Lete toroli." Nikaanza kuwahi na toroli, nikilisimamisha miguuni pao: "Naomba tulitulize hapa, bosi." Wakaachilia. Aliyeona aibu kumpa mwanamke mzigo hakuona aibu kuupa magurudumu. Ni mimi tu niliyekuwa nasukuma.

Kuna chumba. Unabisha mara tatu hata kama unajua hamna mtu, kwa maana siku utakayoacha kubisha ndiyo siku ambayo mtu atakuwa ndani. Mgeni anatangulia kuingia. Mlango unabaki wazi muda wote, na mimi nasimama kati ya mlango na mgeni, wala si kati ya mgeni na dirisha. Hilo hakuna aliyenifundisha. Unaweka sanduku kwenye benchi lake, unamwonyesha mahali pa kuchomeka kadi ili taa ziwake, hewa baridi inavyopunguzwa, maji ya kunywa ni yapi, ngazi za dharura ziko upande gani. Dakika mbili. Unauliza kama kuna kingine. Unauliza mara moja tu. Ukiuliza mara mbili unaomba pesa.

Ukipewa, hutazami. Unashukuru uso, si noti. Mkono unafunga wenyewe na kushuka. Zote zilikuwa zinaingia kwenye chupa moja ya maji ya lita kumi iliyokatwa shingo, tunagawana jioni sawa kwa sawa. Ndani yake kulikuwa na sarafu za kila nchi, na sarafu za kigeni hakuna duka la kubadilisha pesa linalozitaka. Kwa hivyo tulizipanga kwa mafungu, tukamngoja mgeni anayerudi Ulaya, tukamwomba kwa adabu atupe noti achukue vyuma vya kwao. Nilijua bei ya yuro kila asubuhi kama mtu wa benki. Mathe angefurahi kusikia hiyo.

Na kuna macho. Kazi ya pota ni kuona kila kitu na kutosema chochote. Yule aliyekuja Ijumaa na mkewe, akaja Jumanne na mwingine: unamwambia "karibu", humwambii "karibu tena". "Hilo neno *tena*," Kapteni aliniambia, "limevunja nyumba nyingi kuliko pombe." Lakini macho hayohayo ndiyo yanayotazama begi lililosimama peke yake karibu na nguzo. Tangu shambulizi la Riverside la Januari 15, 2019, na kabla yake Westgate mwaka wa 2013, hakuna mtu wa hoteli Nairobi anayeliona begi lisilo na mwenyewe kama begi tu. Hulisogezi. Hulifungui. Unaondoa watu, unaita soja. Mimi ni mtu ambaye maisha yake ni kunyanyua vitu, na somo gumu kuliko yote lilikuwa kuona kitu nisichopaswa kukigusa.

*

Mwezi wa nne, mgeni wa chumba cha 412 alisema bahasha yake ya dola 600 imepotea.

Alisema ilikuwa mfuko wa mbele wa sanduku. Aliyepandisha sanduku ni mimi. Meneja aliniita, na kabla hajasema neno nilijua, kwa sababu aliitazama tena mikono yangu kama ile siku ya mahojiano, isipokuwa sasa hakuwa anajiuliza kama ina nguvu.

Nilisimama kwenye zulia la ofisi yake. Nilitaka kusema kwamba mathe hulipa deni la chama hata akiwa na homa. Nilitaka kusema mambo mengi ambayo mtu maskini hutaka kusema wakati huo, na yote yanamfanya aonekane kama mwizi anayejitetea. Sikusema. Kapteni aliingia na rejista ya mizigo, akaiweka mezani, akaifungua kwa kidole kilicholoweshwa mate. Kwa mwandiko wangu: saa 2:40 usiku, 412, vitu 3, kufuli 1 imefungwa, zipu ya mbele ilikuwa wazi, mgeni ameambiwa na amefunga mwenyewe.

Nilikuwa naandika hivyo kila siku kwa sababu Kapteni alinilazimisha. Nilidhani ni uzee.

Bahasha ilipatikana jioni ndani ya koti lake la mvua, mahali alipoiweka yeye. Hakuja kuniona. Alituma boksi la chokoleti. Kapteni alikula mbili, akasema zina chumvi.

Usiku huo nilienda stoo ya mizigo, pale tunapoweka masanduku ya wageni waliotoka chumbani lakini ndege yao ni ya usiku, nikalia huko katikati ya mali za watu. Kapteni alinipata. Hakuniambia nyamaza. Alichukua ile mizani ya kuning'iniza, akatundika sanduku moja kubwa, akaniita nisome.

"Kilo 32."

"Ndiyo mwisho," akasema. Mashirika mengi ya ndege hayakubali sanduku moja lipite hapo, kuwahurumia wanaopakia. "Sasa sikiliza. Zamani kwetu pwani vitu vilipimwa kwa frasila. Frasila moja ni kama kilo 16. Mpagazi wa msafara, yule wa kubeba pembe na vitambaa kati ya pwani na bara, mzigo wake ulikuwa frasila mbili. Piga hesabu."

Nikapiga.

"Miaka yote hiyo," akasema, "na ndege juu, na mtandao, mwili wa mtu haujabadilika hata ratili moja. Ni huohuo." Akatundua sanduku. "Tofauti ni kwamba yule hakuwa na rejista."

Huwezi kuelewa hiyo kauli ilinifuata vipi. Ninakaa Eastleigh, na matatu yangu ya kwenda town hupitia Kariokor. Maisha yangu yote Kariokor ilikuwa ni nyama choma, viatu vya ngozi na vyondo. Jina lenyewe linatokana na Carrier Corps, wale wapagazi ambao Waingereza waliwakusanya kwa mamia ya maelfu Afrika Mashariki katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kubeba risasi na unga nyuma ya majeshi. Makumi ya maelfu hawakurudi, na waliouawa na magonjwa walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Wengi wao majina yao hayakuandikwa popote. Kule Kenyatta Avenue kuna sanamu tatu za watu wa vita hivyo, na mmoja wao si askari, ni mchukuzi. Nimepita hapo mara elfu nikitafuta matatu. Wiki hiyo nilisimama nikamtazama. Watu walinipita wakinigonga mabega. Nilikuwa nazitazama shingo na miguu yake, kumwangalia kama amesimama vizuri.

*

Ilikuwa Jumamosi ya Agosti. Orodha ya wanaowasili ilionyesha 508, mwanamke mmoja, jina la Kizungu, kutoka Marekani, usiku tano. Teksi iliingia saa nne asubuhi. Nilienda kwenye mlango wa nyuma, nikaufungua, nikaweka kiganja changu chini ya ukingo wa paa la gari, kama tulivyofunzwa, ili anayetoka asigonge kichwa.

Kilichotoka kwanza ni kitambaa cha kichwa nilichokijua. Kilipita chini ya mkono wangu polepole, kikagusa kiganja, na kupitia kile kitambaa nilihisi bonde.

"Shosho," nikasema.

Upande wa pili mathe alikuwa ameshatoka, na nyuma yake tata, mdogo wake, ambaye sijamwona tangu niwe darasa la nne. Jina la Kizungu lilikuwa la mumewe. Kampuni yao ilikuwa imemtuma mkutano Nairobi na kumwambia achague hoteli, na mathe ndiye aliyemchagulia. Walikuwa wamekuja kunishtua. "Mtoto wetu ako hapo mapokezi," alikuwa amewaambia njia yote kutoka JKIA, "atatuangalilia vizuri."

Mathe alisoma koti langu kutoka juu hadi chini, kifungo kwa kifungo. Akasoma beji. Akatazama toroli.

"Si ulisema uko mapokezi?"

"Niko mapokezi, mum."

Hakujibu. Dereva alikuwa amefungua buti. Ndani kulikuwa na sanduku dogo, begi la bega, na lingine kubwa la zambarau lenye lebo ya kuonya kwamba ni zito. Nilipoinama kulishika, mkono wa mathe ulikuwa umeshafika kwenye mpini.

"Wacha. Nitabeba."

"Mum, ni kazi yangu."

"Nimesema wacha, Shiru." Sauti ilikuwa chini, ile ya kanisani. "Mimi nilikusomesha."

Tulisimama hapo tumeshika sanduku moja, mimi huku yeye kule. Soja alikuwa anatazama angani. Dereva aligundua simu yake ina shida. Kapteni alikuwa mlangoni, ameona kila kitu, na hakuja; nilimshukuru kwa hilo baadaye. Sikuwa na neno hata moja. Kazi hii ilikuwa imenifundisha kukaribisha watu kwa lugha nne, na hakuna hata moja iliyonifaa.

Shosho ndiye aliyesogea. Alikuwa ameegemea gari, anatutazama jinsi anavyotazama watu wanaofunga ng'ombe vibaya. Aliuliza kwa Kikuyu, "Hilo ni kilo ngapi?"

Nikainua pembe moja. Nikalisikiliza.

"Karibu 32, Shosho."

"Hizo ni kuni za siku moja." Akafikiri. "Na wanakulipa?"

"Wananilipa."

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi. Na likizo iko."

Alitazama toroli, akalisukuma kidogo kwa mkono ili aone magurudumu yanavyozunguka. Yalizunguka. Akatoa sauti fupi ya koo ambayo kwetu inaweza kumaanisha chochote. Kisha akamwambia mathe, si kwa ukali, "Muthoni, hebu tuone anavyofanya."

Mathe hakuachilia mara moja. Alilegeza kidole kimoja kimoja. Nilikunja magoti, nikalivuta lile la zambarau karibu na mwili, nikageuza miguu, nikaliweka chini kabisa kwenye toroli, upande wa mpini. Dogo juu yake. Begi la bega nikalitundika kwenye ndoano. "Vitu vitatu, sivyo?" nikamuuliza tata. Sauti yangu ilitetemeka. "Vitatu," tata akasema, naye yake ilitetemeka.

Njia yote mpaka kwenye lifti mathe alitembea kando yangu, mkono mmoja umeshika chuma cha toroli. Sijui kama alikuwa ananisaidia kusukuma au ananizuia. Lilikuwa linaenda sawa tu.

Nilibisha 508 mara tatu. Waliingia wakitangulia. Nikaonyesha kadi, taa, hewa baridi, maji ya kunywa, ngazi za dharura. Shosho aliona benchi la mizigo, akadhani ni kigoda, akaketi. Sikumwinua. Nililaza sanduku la zambarau kwenye zulia. Nikauliza kama kuna kingine wanachohitaji. Niliuliza mara moja.

Nilipofika mlangoni mathe alinifuata. Alishika mkono wangu wa kulia, akaugeuza kiganja kikawa juu, akakipapasa na kidole gumba pale penye sugu, taratibu, kama anayekagua nguo ya mtumba kutafuta tundu. Halafu akaweka kitu ndani yake na kuvifunga vidole vyangu. Hakusema kitu. Akarudi ndani.

Sikutazama. Nilishuka na lifti ya wafanyakazi, mkono umefungwa, na ni huko tu, kati ya ghorofa ya nne na ya tatu, nilipoufungua. Ilikuwa shilingi 200, imekunjwa mara nne, ile saizi anayokunja ya sadaka.

Chini, Kapteni alikuwa ameketi na rejista. Chupa yetu ilikuwa kando yake.

"508 wameacha chochote?"

"Hapana," nikasema.

Aliitazama ngumi yangu. Akachukua kalamu, akaandika saa, akaandika chumba, akaandika: vitu 3, vimefika salama.